Hesabu Anaijua
Hotuba kwa walimu wapya wa kujitolea, masomo ya Jumamosi kwa watoto wa familia za wakimbizi, Kayole, Nairobi

Hamjambo nyote.

Kwanza nawashukuru wazee wa kanisa kwa kutufungulia ukumbi huu, na kina mama walioamka mapema kutuandalia chai. Naona vijana wa vyuo vikuu, naona walimu wenzangu waliostaafu, na kule nyuma naona wazazi ambao watoto wao wamesoma hapa na leo wao wenyewe wamekuja kufundisha. Karibuni sana. Nyinyi wazazi nitawahitaji zaidi baadaye, msiondoke mapema.

Nimeombwa niwaeleze kazi hii ni kazi gani. Nitasema jambo moja, mengine yote yatatokana nalo: mtoto asiyejua lugha ya darasa si mtoto asiyejua somo. Mkilishika hilo, mtakuwa walimu wazuri hata kama hamjawahi kushika chaki. Likiwaponyoka, hata mwenye shahada ya ualimu atamfanya mtoto arudie miaka ambayo ameshaisoma.

Wengi wenu mmekulia mitaa hii, kwa hiyo sitawaeleza wakimbizi ni nani. Ni majirani zenu. Kenya ina wakimbizi zaidi ya 800,000. Wengi wako kambini Dadaab, iliyofunguliwa 1991, na Kakuma, iliyofunguliwa 1992, lakini zaidi ya laki moja wanaishi mijini, hasa hapa Nairobi. Wasomali na Waoromo wengi wako Eastleigh. Wakongo wako hapa Kayole, wako Kasarani, wako Githurai. Kuna Warundi, Wanyarwanda, Wasudan Kusini. Vita vilipoanza Khartoum Aprili 2023, mlivisikia redioni. Goma ilipotekwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, mlisikia pia. Habari kama hizo hazichukui muda mrefu kabla hazijafika kwenye lango la shule ya msingi ya mtaani, zimevaa kandambili, zimeshika mkono wa mama.

Na kisheria lango hilo liko wazi. Kenya iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 katika mwaka wa 1966, na kifungu cha 22 kinasema mkimbizi apate elimu ya msingi sawa na mwananchi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Inasema kila mtoto, haisemi kila mtoto Mkenya. Yeyote akiwauliza kwa nini mnajisumbua na watoto wa kigeni, mjibuni kwa kifungu hicho, kwa heshima, kisha mrudi kazini.

Shida ninayotaka tuitazame iko ndani ya lango.

Chukueni mtoto wa miaka kumi na miwili kutoka Bukavu. Amemaliza darasa la sita la msingi kule kwao. Amesoma sehemu, amesoma eneo na mzingo, anagawanya namba kubwa bila kubabaika. Yote hayo ameyasoma kwa Kifaransa. Anafika shule ya hapa, anaulizwa maswali mawili kwa Kiingereza, ananyamaza. Anawekwa Gredi ya 3 au ya 4, na watoto wa miaka minane na tisa. Magoti yake hayaingii chini ya dawati. Muhula unaisha, ripoti inakuja nyumbani: yuko chini ya matarajio. Mama hawezi kuisoma ripoti, kwa hiyo anayemsomea ni mtoto mwenyewe. Fikirini mtoto akimsomea mama yake maneno hayo.

Simlaumu mwalimu wa darasa. Nimefundisha katika shule za umma za jiji hili maisha yangu yote ya kazi, najua darasa la watoto sitini na zaidi linavyokuwa. Hana dakika kumi za kukaa na mtoto mmoja na kumuuliza anajua nini. Nyinyi mnazo. Kwa kweli hicho ndicho kitu pekee mlicho nacho ambacho mwalimu wa shule hana, na ni kikubwa.

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza hakuna mtihani wa Kiingereza. Mpeni mtoto karatasi yenye namba tupu. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, sehemu, desimali. Hakuna sentensi hata moja. Mkae kando, mtazame mkono wake unavyokwenda. Msitazame jibu peke yake, tazameni njia. Hapo ndipo mtayaona mambo ambayo hakuna aliyewaambia chuoni.

Mtoto aliyesoma Congo akigawanya 156 kwa 12, anaandika 156 upande wa kushoto, anapiga mstari wa kusimama, anaandika 12 upande wa kulia, kisha jibu, 13, anaweka chini ya 12. Sisi tunaweka 12 kushoto, 156 chini ya paa, na jibu juu ya paa. Hesabu ni ile ile, jibu ni lile lile. Lakini mwalimu aliye na madaftari sitini ya kusahihisha akiuona mpangilio ule anaona fujo, anapiga mkasi mwekundu. Mtoto naye haelewi amekosa nini, kwa sababu hajakosa.

Kuna na alama ya mkato. Kwao desimali inaandikwa kwa mkato: mbili na nusu ni 2,5. Kwetu ni nukta. Sisi mkato tunautumia kutenga maelfu. Sasa mpeni mtoto huyo swali la sare ya shule inayouzwa shilingi 1,250. Anasoma shilingi moja na robo. Anafanya hesabu yake vizuri kabisa kutokana na alichosoma, na jibu linatoka la ajabu. Mwalimu asiyejua atasema mtoto hana akili ya namba. Anayejua atachukua nusu saa, atamwonyesha mkato na nukta zimebadilishana kazi, na jambo hilo litakuwa limekwisha. Nusu saa. Nimeona watoto waliobeba sifa ya ujinga muhula mzima kwa sababu nusu saa hiyo ilikosekana.

Tazameni pia anavyoandika moja na saba. Moja yake ina mkia mrefu wa kupanda juu, saba yake ina kistari katikati. Mwalimu wa hapa anaisoma moja kama saba. Mwambieni mtoto tu, ataandika tofauti akiwa shuleni. Wala msimwambie alikuwa anakosea.

Mtoto wa Khartoum ana mambo yake mengine. Shuleni kwao namba ziliandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, ambazo tano yake ni kiduara kinachofanana na sifuri yetu, sita yake inafanana na saba yetu, na sifuri ni nukta. Hesabu yenyewe inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mkimwekea saba toa tatu naye akaanzia kulia, anaona tatu toa saba, anasimama. Amesimama kwa sababu anafikiri! Anajua kwamba tatu haitoi saba hivi hivi. Mtoto ambaye hajui angeandika chochote.

Mtoto wa Kisomali aliyefundishwa kusoma kwao anazijua herufi za Kilatini, maana Kisomali kimeandikwa kwa herufi hizo rasmi tangu 1972. Lakini c na x zina kazi nyingine: c ni ain na x ni ile ha nzito, sauti ambazo yeyote kati yenu aliyepita madrasa anazijua. Mtoto huyu kusoma anajua. Anahitaji kuonyeshwa herufi chache zilizobadili kazi, asirudishwe kwenye a, e, i, o, u kama mtoto wa miaka mitatu.

Na Ethiopia nataka mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa kosa linaweza kumfuata mtoto mpaka utu uzima. Kalenda ya Ethiopia iko nyuma ya yetu kwa miaka saba hadi minane. Mzazi akiulizwa mwaka wa kuzaliwa akautaja wa kalenda yake, na karani akauandika vilevile, mtoto wa miaka kumi anakuwa wa kumi na saba au kumi na minane kwenye karatasi. Mkiona umri wa fomu haufanani na mtoto aliye mbele yenu, msicheke, msinyamaze. Mwulizeni mzazi taratibu, kisha mtuletee taarifa tuone pa kurekebishia. Upande wa saa, watoto hawa watawafurahisha: wao wanahesabu saa kama Waswahili, kuanzia jua linapochomoza. Mkiwafundisha saa kwa Kiswahili wataipata papo hapo, na Kiingereza kitafuata.

Nimekaa sana kwenye hayo, najua. Nimekaa kwa sababu huko ndiko watoto wanakopotea, kwenye mkato na nukta, na hakuna mradi mkubwa unaokuja na gari jeupe kwa ajili ya mkato na nukta. Hiyo ni kazi ya mtu mmoja aliyeketi na mtoto mmoja.

Sasa lugha. Mtafundisha kwa lugha gani? Nasema bila kusita: anzeni na lugha ambayo mtoto anaielewa. Watoto wa mashariki ya Congo wana Kiswahili. Kinatofautiana na cha vitabu vyetu, na watoto wa hapa wanakicheka uwanjani. Ndani ya ukumbi huu hakichekwi. Ni Kiswahili cha Bukavu, cha Goma, cha Uvira, kina watu wengi kuliko wakazi wa jiji hili, na mtoto anayekizungumza tayari ana daraja la kuvukia. Mwelezeni sehemu kwa Kiswahili mpaka azielewe, kisha mpeni majina yake ya Kiingereza. Kumfundisha dhana mpya kwa lugha mpya kwa wakati mmoja ni kumtwika mizigo miwili kichwani.

Kwa Kiingereza chenyewe, ninyi vijana mna tabia ya kuanza na salamu na majina ya rangi na wanyama. Salamu atazipata kwenye matatu na kwenye kibanda cha chipsi. Anachokikosa ni Kiingereza cha maswali: pigia mstari, jaza nafasi, oanisha, kadiria, panga kuanzia ndogo hadi kubwa, eleza sababu. Maneno ya namna hiyo si mengi, yakiandikwa kwa Kiingereza yanaenea ukurasa mmoja, na yanarudi katika kila karatasi ya mtihani, iwe tathmini ya Gredi ya 6 au ya Gredi ya 9. Mtoto akiyashika hayo, ghafla karatasi inafunguka, kwa sababu somo lenyewe alikuwa nalo. Tumeyachapa, mtayakuta mezani. Kila mtoto wa Gredi ya 4 kwenda juu apate nakala.

Kwa kusoma, tuna vitabu vichache hapa, lakini wale wanaokaa karibu wapelekeni maktaba ya Kaloleni au ile ya Makadara. Ziko Eastlands, ni za kaunti, na zimekarabatiwa vizuri miaka hii ya karibuni. Mtoto anayejua njia ya maktaba ana mahali pa kwenda siku ambazo sisi hatupo.

Wazazi. Nilisema nitarudi kwenu.

Mkimwona mama anatembeza vitenge juani kutoka nyumba hadi nyumba, msidhani mnajua alikuwa nani. Tuna akina mama hapa waliokuwa wauguzi. Tuna akina baba waliofundisha sekondari. Baba mmoja alikuja kumchukua mwanawe, akamkuta kijana wetu wa chuo anahangaika kumwelewesha mtoto kugawanya. Akaomba chaki. Akagawanya ubaoni kwa njia ya kwao, kisha akamwomba yule kijana agawanye kwa njia ya hapa, kando kwa kando, na watoto wote wakanyanyuka kutazama. Nimefundisha miaka mingi, sijaona somo la kugawanya lililoeleweka kama lile. Yule mtoto alimtazama baba yake kwa namna ambayo sitaweza kuwaeleza. Kwa muda mrefu alikuwa amemwona akiomba tu, anaomba nyumba, anaomba karatasi, anaomba kazi, na hapo alimwona akitoa. Tangu hapo tumeweka utaratibu: mzazi mwenye elimu yake anakaribishwa ubaoni, hata kama Kiingereza hana.

Na mzazi asiyejua kusoma pia ana kazi. Akae na mtoto, amwambie amsomee. Hata asipoelewa, mtoto atasoma kwa sauti.

Wazazi wengine watasita kumtuma mtoto. Wana sababu. Mwaka 2014 walioishi Eastleigh waliona misako, na watu maelfu kwa maelfu wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa karatasi. Kuna anayesikia mkusanyiko na orodha ya majina, moyo unaruka. Kwa hiyo msiwasukume. Mfafanulieni mzazi orodha ni ya nini, inakaa wapi, nani anaiona. Akitaka kukaa mlangoni siku za mwanzo, mleteeni kiti.

Karatasi za mtoto mwenyewe zinatuhusu kidogo. Mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, NEMIS, ulianza kwa kudai namba ya cheti cha kuzaliwa, na watoto wengi wa wakimbizi hawakuwa nayo. Mtoto aliyezaliwa Kenya ana haki ya kuandikishwa kuzaliwa kwake, wazazi wake wawe wa wapi. Kuna wazazi ambao hawajui hivyo mpaka mtoto afike darasa la mtihani. Ulizeni mapema. Msijifanye mawakili, tunao watu wa kuwapeleka.

Sasa nitasema kwa ukali kidogo, mnivumilie.

Ukiahidi kuja, uje. Watoto hawa wameshaachwa na watu wengi, wengine kwa kifo, wengine kwa kutengana njiani, wengine kwa ndege iliyowachukua marafiki zao kwenda Marekani au Kanada na wao wakabaki. Mtoto anayekungoja saa tatu asubuhi na hukufika hatalia wala hatakuuliza. Ataacha tu kukuletea daftari. Ndiyo maana sikuombi mwaka, nakuomba muhula mmoja mzima. Ukiwa na mtihani wako chuoni wiki fulani, mwambie mtoto wiki moja kabla, uso kwa uso, na umwambie nani atakaa naye. Na muhula ukiisha ukataka kuondoka, mwage vizuri. Kuaga vizuri ni sehemu ya mafundisho.

Usimuulize mtoto yaliyompata. Usimwambie achore vita. Usimpe insha ya "safari yangu ya kuja Kenya" ili upate kitu cha kusimulia wenzako. Akitaka kusema, sikiliza, usimkatize, usimwahidi siri usiyoweza kuitunza, na ukisikia jambo la hatari mwambie msimamizi siku hiyo hiyo. Hatupigi picha za watoto. Hata picha ya mgongo. Kuna familia hapa zinazokimbia watu wanaowatafuta mpaka leo, na simu yako haijui tofauti kati ya rafiki na adui. Milango inabaki wazi, watu wazima wawili chumbani, hakuna anayemsindikiza mtoto nyumbani peke yake. Hayo hayana mjadala, na wala si kwamba tunawashuku. Ni haki ya mtoto kulindwa hata na mtu mwema.

Watoto wa Kikenya wa mtaa huu wataingia pia. Waacheni waingie. Nimewahi kushauriwa tuwazuie kwa sababu nafasi ni finyu na masomo haya ni ya wakimbizi. Sikubali. Mtoto wa jirani anayeona mwenzake anafundishwa bure huku yeye amefungiwa nje atajifunza chuki, na atakuwa na sababu. Kisha, tazameni faida yake: mtoto wa Kayole akikaa na mtoto wa Goma, Kiingereza na Kisheng vitaingia zaidi kwa saa moja kuliko vitakavyoingia kwangu kwa mwezi. Na mtoto wa Kayole naye yuko nyuma kwenye hisabati, tusidanganyane.

Na tusijiite shule. Hatuchukui ada, hata ya chai. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada ya likizo kwa sababu yalikuwa yamegeuzwa biashara juu ya migongo ya watoto, na mimi naiunga mkono. Sisi ni msaada wa Jumamosi asubuhi. Mwalimu wa darasa ni mwenzetu; mpelekeeni salamu, mwandikieni kikaratasi: mtoto huyu anagawanya sawasawa ila kwa mpangilio huu, tumemwonyesha wa hapa, tafadhali mvumilie. Walimu wengi wakipata kikaratasi hicho hushukuru, maana na wao walikuwa wameona mtoto ana kitu lakini hawakuwa na muda wa kukitafuta. Mara nyingine mtoto hupandishwa gredi katikati ya mwaka kwa sababu ya kikaratasi hicho.

Kuhusu vijana wakubwa, wa miaka kumi na minne na kumi na mitano waliowekwa na watoto wadogo: hao wana meza yao, kule karibu na dirisha, mbali na wadogo. Msiwachanganye. Aibu inawafukuza shuleni haraka kuliko ugumu wa masomo, na kijana akiacha shule Nairobi, mkokoteni unamngoja sokoni asubuhi inayofuata. Wapeni kazi ya watu wazima: waweke hesabu za biashara ya mama, wasome tangazo la nyumba ya kupanga, waandike barua. Hisabati iko humo yote. Kwa meza hii nahitaji watu wenye subira, na ingefaa wawe na umri kidogo. Walimu wastaafu, nawatazama nyinyi.

Tunaanza Jumamosi ijayo saa tatu. Walimu mfike saa mbili na nusu mpangiwe watoto. Mje na penseli. Daftari tunazo, zile za miraba, kwa ajili ya wanaohama kutoka mpangilio mmoja wa hesabu kwenda mwingine. Fomu ziko kwa dada aliyeketi mlangoni, na barua ya mwenendo mwema ni lazima kwa kila mmoja, nikiwemo mimi. Wanaojua Kifaransa simameni upande huu wa kulia, Kiarabu na Kisomali hapa katikati, Kiamhari na Kioromo kule karibu na ubao. Wazazi mliosema mtafundisha, njooni mbele hapa kwangu, tuanze na nyinyi.